Unaogopa radi na unaishi kanda ya ziwa? Hivi ndo unavyoweza kuishi nayo

Hii nawaandikia watu wazima wanaoogopa radi na wanaona aibu kusema. Wapo wengi sana, baba mwenye familia yake, mama wa sokoni anayeogopwa na kila mtu pale sokoni, mwalimu, dereva wa fuso, lakini wingu likijifunga upande wa ziwa tumbo linaanza kukata, viganja vinatoa jasho, chakula hakishuki na mtu anaanza kutafuta sababu ya kuingia chumbani mapema. Mimi ni mzaliwa wa Bukoba na hofu hii ninayo tangu mtoto, kwaiyo sitakwambia acha uoga, maneno hayo sijawahi kuona yamemsaidia mtu yeyote. Nitakwambia vitu vinavyofanya kazi na kwanini vinafanya kazi.

Jambo kubwa la kuelewa kabla ya yote, hofu ya radi ina vipande viwili na usipovitenganisha hutafika popote. Kipande cha kwanza kina haki kabisa, radi inaua, na huku kwetu inaua kweli. Tarehe 27 Januari 2025 iliua wanafunzi 7 wa Sekondari ya Businda, wilaya ya Bukombe mkoani Geita, wakiwa shuleni. Novemba 2024 kule Palabek kaskazini mwa Uganda waliokufa walikuwa 14, wakimbizi waliokuwa kwenye ibada. Mwaka 2011 shule ya msingi Runyanya, Uganda hiyohiyo, wanafunzi 18 na mwalimu wao. Kwaiyo mtu akikwambia unaogopa kitu ambacho hakipo, hajui anachosema. Kipande cha pili ni ile kengele ya mwilini inayoendelea kulia hata baada ya kufanya kila kinachotakiwa, uko ndani ya nyumba nzuri, umechomoa vitu vyote, radi yenyewe iko kilomita 8 huko, na bado unatetemeka. Kipande cha kwanza dawa yake ni vitendo, cha pili dawa yake ni mazoezi. Anayejaribu kutibu hatari kwa kuvuta pumzi anajidanganya, na anayejaribu kutibu hofu kwa kuchomoa soketi mara ya tano naye hatapona.

Kwanini huku kwetu ni nyingi hivi

Nimegundua kujua sababu kunapunguza hofu kwa watu wengi, maana unaacha kuona kwamba imekuja kukutafuta wewe. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa inapanda, upepo unavuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu na mawingu ya radi yanajijenga huko, ndo maana Kisii, Kakamega na Kericho mvua zao za radi ni za mchana na jioni. Usiku inageuka, nchi kavu inapoa, ziwa linabaki na joto lake, upepo kutoka pande zote unaelekea ziwani na unakutana katikati, hewa haina pa kwenda inapanda juu na mawingu yanaumuka juu ya maji. Ziwa Victoria ni kubwa, kama kilomita za mraba 68,000, kwaiyo mvua hiyo ina uwanja wa kutosha. Alafu upepo mkubwa wa kutoka mashariki unaisukuma kuja magharibi, na hapo ndo sisi wa Bukoba tunaamshwa saa tisa, saa kumi usiku, na asubuhi mvua bado ipo.

Wanasayansi waliokusanya picha za setilaiti za miaka 16 walitoa orodha yao mwaka 2016, na Kabare, huko Kivu mashariki mwa Kongo, ilishika nafasi ya pili duniani kwa radi, mimweko kama 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela tu. Kwaiyo ukanda wetu wote huu kuanzia Kivu hadi Kisii ni ukanda wa radi, ulikuwa hivyo kabla ya babu zetu na hakuna mtu aliyeuletea. Na mimweko mingi unayoiona haigusi ardhi kabisa, inaanzia na kuishia ndani ya mawingu. Hili liweke kichwani, utalihitaji saa tisa usiku.

Ya usalama yafanye mapema, mara moja, alafu yaishe

Neno la muhimu hapo ni mapema. Mtu mwenye hofu mara nyingi anaanza kuhangaika radi ikiwa imeshafika juu ya bati, anakimbia kwenye king'amuzi kuchomoa waya wa dishi huku inapiga, na hapo ndo anajiweka hatarini kweli, maana ule waya unatoka nje juu ya paa na unaingia mpaka mkononi mwako. Ukishaanza kusikia ngurumo ya karibu usichomoe tena kitu, acha kiungue, tivii inanunuliwa nyingine.

Nyumbani kwangu kipindi cha masika na vuli tunafanya hivi kabla ya kulala hata kama mbingu ni nyeupe: tivii inachomolewa ukutani, waya wa dishi unafunguliwa nyuma ya king'amuzi na kusogezwa mbali kidogo usigusane na kitu, friji inachomolewa kama wingu lipo, simu zinachajiwa jioni ili usiku zisiwe kwenye chaji. Ni dakika mbili tatu. Alafu tumekubaliana kwamba likishafanyika limefanyika, hakuna kuamka kwenda kuhakiki. Hilo la mwisho linaonekana dogo ila kwa mtu mwenye hofu ndo gumu kuliko yote, maana kila ukienda kuhakiki unaufundisha ubongo wako kwamba hukuwa salama.

Mvua ikiwa juu yenu: usioge, usioshe vyombo, usishike bomba, kaa mbali na madirisha, milango ya chuma na nondo, usiegemee ukuta hasa ule unaopita nyaya za umeme. Kaa katikati ya chumba, kwenye kitanda au kiti cha mbao, miguu pamoja. Kama mnalala bweni lenye vitanda vya chuma usiviegemee, na visigusane na ukuta.

Simu nizungumzie vizuri kwasababu kuna kelele nyingi. Simu ya mkononi isiyokuwa kwenye chaji haiiti radi. Mawimbi yake hayana nguvu hiyo hata kidogo. Kinachoua ni waya wa chaji ulioungana na umeme wa nyumba. Kwaiyo ukiwa ndani, simu haijachomekwa, unaweza kumpigia dada yako mkaongea mpaka mvua iishe, na kwa mtu mwenye hofu kuongea na mtu ni msaada mkubwa, usijinyime hicho kitu kwa sababu ya uvumi.

Kuhusu nyumba, tuambiane ukweli. Nyumba ya matofali yenye umeme uliofungwa vizuri na mabomba ni salama zaidi kwasababu radi ikipiga ina njia ya kushukia ardhini kupitia nyaya na mabomba, ndo maana tunasema vikae mbali na wewe. Nyumba ya nyasi, nyumba ya tope yenye bati juu lakini haina waya wowote wa kushuka, kibanda cha sokoni, banda la kusubiria gari, choo cha nje, hivyo havikingi radi, vinakinga mvua tu. Bati lenyewe haliiti radi, radi inafuata kitu kirefu na kilichosimama peke yake, ila ikishapiga bati na bati halina njia ya kwenda chini, umeme unaruka kutoka kwenye bati kwenda kwenye kilicho karibu, na anaweza kuwa mtu. Gari lenye bodi ya chuma, hata daladala, ukafunga vioo na usiguse chuma, ni kimbilio zuri kuliko nyumba nyingi. Sio kwasababu ya matairi, ni kwasababu ile bodi inaupitisha umeme kwa nje. Bajaji haihesabiki, pikipiki ndo kabisa, ukiwa kwenye bodaboda na imeanza kupiga mwambie kijana asimame mahali penye jengo la maana, nauli isubiri.

Ukikutwa nje hakuna jengo hakuna gari, toka kwenye mlima, toka kwenye maji, usisimame chini ya mwembe uliojitenga, mti ukipigwa umeme unaruka kwako na mwingine unasambaa kwenye udongo kupitia mizizi. Huo wa kwenye udongo ndo unaoua wengi kwa mpigo mmoja, unaingia mguu huu unatokea mguu ule, na ndo maana ng'ombe wanakufa kundi zima, miguu yao ya mbele na ya nyuma imeachana sana. Kwaiyo miguu yako ibane pamoja, chuchumaa, usilale chini. Kama mko wengi muachane, hatua nyingi kati ya mtu na mtu, hapa sio pa kushikana mikono. Na elewa kwamba kuchuchumaa kunapunguza tu hatari, hakuiondoi, kukimbilia jengo ukiwa na muda ndo bora. Wavuvi wa dagaa wanalijua hili kuliko sisi wote, katikati ya maji mtu ndo kitu kirefu, hivyo wao kinga yao ni kusoma wingu na kugeuza mtumbwi mapema, na taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa isikilizwe kabla ya kutoka, sio baada.

Kama una watoto shuleni, kaulize kuna mtambo wa kuzuia radi au hakuna. Mtambo una mambo matatu, chuma cha juu ya paa, mkanda mnene wa shaba unaoshuka, na vyuma vilivyofukiwa ardhini, na kimoja kikikosekana hivyo viwili vingine havina kazi. Mkanda wa shaba wezi wanaupenda, kwaiyo utakuta shule ina chuma kule juu kinang'aa na huku chini palishakatwa zamani na hakuna mwenye habari. Zunguka jengo uangalie kwa macho yako unashuka mpaka ardhini au umeishia ukutani. Liseme kwenye kikao cha wazazi. Hii nayo ni tiba, hofu ukiipa kazi ya kufanya inatulia.

Vioo, nguo nyekundu na radi ya kutumwa

Bibi yangu, Mungu amrehemu, ngurumo ya kwanza tu alikuwa anafunika kioo kwa kanga, anaficha sufuria zinazong'aa, na ole wako uwe umevaa fulana nyekundu. Sikuwahi kubishana naye, ni shikamoo bibi unatoa fulana basi. Lakini wewe unayesoma hapa ujue kioo, sufuria na rangi nyekundu havina uhusiano na radi kupiga wapi, na wala ndala za raba au katambuga za tairi hazikukingi, umeme uliopasua kilomita kadhaa za hewa hausimamishwi na sentimita mbili za raba. Kama kufunika kioo kunakutuliza funika, hakuna hasara, ila usifunike kioo ukaacha waya wa dishi.

Hili la radi ya kutumwa ndo linaniuma. Radi ikiua mtu kijijini, kesho yake watu wanaanza kutajana majina, na huku kwetu tunajua majina hayo yanaishia wapi, ni mama mzee mwenye macho mekundu ya moshi wa kuni. Mwaka 1998 iliripotiwa kwamba huko Kasai, Kongo, radi iliua wachezaji 11 wa timu moja uwanjani na wa timu nyingine hawakuguswa, watu wakasema uchawi moja kwa moja. Lakini umeme ukishafika ardhini unasambaa bila usawa, udongo wenye unyevu upande huu, walivyosimama wale, miguu yao ilivyoachana, inatosha kuua hapa na kuacha pale. Ukiamini inatumwa hofu yako haitapona kamwe, maana adui mwenye akili na chuki huwezi kumkwepa kwa kuingia ndani, wakati radi ya kawaida unaikwepa kwa kuingia ndani. Na ukimtaja mtu unaweza kuwa umemuua.

Hesabu

Sasa tunaingia kwenye hofu yenyewe, na chombo cha kwanza ni hiki. Mwanga unakufikia papo hapo, sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde, yaani kilomita moja kwa sekunde 3. Ukiona mwanga anza kuhesabu taratibu, elfu moja, elfu mbili, elfu tatu, kila moja inachukua karibu sekunde, ukisikia ngurumo simama, gawa kwa tatu, hizo ndo kilomita. Ukihesabu 21 ni kilomita 7. Ukipata 12 ni kilomita 4, inakuja. Ukipata 5 haifiki hata kilomita 2, iko hapa. Alafu baada ya mda unapata 9, unapata 15, unapata 24, inaondoka, na wewe umekaa na ushahidi kwamba inaondoka.

Hesabu inafanya kazi mbili. Ya usalama: ikiwa 30 au chini ya hapo uwe umeshaingia ndani, na ukishaingia usitoke mpaka zipite dakika 30 bila kusikia ngurumo, maana watu wengi wanapigwa mvua ikiwa inaanza au inaisha, wametoka kuanua nguo. Na ukweli ni kwamba ukiskia ngurumo tu, hata kwa mbali na juu kuna jua, uko ndani ya umbali ambao inaweza kukufikia. Kazi ya pili ni ya kichwa: ubongo unaohesabu unashindwa kutunga hadithi za kutisha kwa wakati huohuo, na ile ngurumo iliyokuwa inakushtua sasa unaisubiri kama jibu. Wengi wanaoogopa wanaziba masikio na kufumba macho, na hapo kila mlio unawakuta hawajajiandaa. Fumbua macho uone mwanga, mwanga ndo unakupa taarifa kwamba sauti inakuja.

Na lile la kujiambia mara mia kila usiku: ukisikia mlio wa mwanga huo, huo mwanga umeshapita, haukukupiga. Ngurumo ni hewa iliyopashwa joto ghafla kufika nyuzi kama 30,000, ikatanuka kwa kishindo. Sauti peke yake huko kilomita kadhaa haiui.

Pumzi na mwili

Ukishafanya yote ya usalama na bado moyo unakimbia, jua huo ni mwili umemwaga adrenalini, unajiandaa kupigana au kukimbia wakati hakuna wa kupigana naye. Ni mbaya kuisikia ila haikuui, inapanda, inafika juu, inashuka, mara nyingi ndani ya dakika kumi hadi thelathini kama huichochei. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu 4, itoe polepole kwa mdomo ukihesabu 6, mkono tumboni uone tumbo linapanda sio kifua. Kutoa kuwe kirefu kuliko kuvuta, hapo ndo dawa ilipo, kule kutoa ndo kunaupa moyo ruhusa ya kupunguza mwendo. Fanya dakika tano. Alafu shuka kwenye mwili, kaza ngumi kwa nguvu sekunde tano uachie, kaza mabega uachie, kaza miguu uachie. Mwenye dini yake asali, Waislamu wana dua ya kusikia radi, Wakristo wana zaburi zao, na mtu anayeikariri kwa sauti ya taratibu anajikuta anarefusha pumzi bila kujua.

Usinywe pombe ili ulale. Utalala ndiyo, lakini ubongo hautajifunza kitu, na mvua ijayo utahitaji chupa mbili. Na ondoka kwenye yale magrupu ya WhatsApp yanayotuma picha za watu waliopigwa na radi, hata ukizifuta zimeshaingia. Kuangalia apu ya hali ya hewa kila dakika nako ni hivyohivyo, angalia asubuhi, angalia jioni, funga.

Mazoezi ya kiangazi

Hapa ndo penye kupona kwenyewe na ndo watu wanaparuka, kwasababu mvua ikiisha kila mtu anasahau. Mwezi wa sita na wa saba huku kwetu kunakauka, tumia miezi hiyo. Tafuta rekodi ya mvua ya radi, YouTube zimejaa za masaa mengi. Mchana, jua linawaka, umekaa na mtu unayemwamini, weka kwenye simu sauti ndogo kabisa, ile unayoisikia kwa shida. Jiulize hofu yangu ni ngapi kwenye kumi. Kama ni nne, kaa nayo, usizime, vuta pumzi, endelea kumenya ndizi au kuchambua maharage, mpaka ishuke ifike mbili. Hiyo ndo siri yote, usizime ikiwa juu. Ukizima ikiwa juu ubongo unaandika kwamba umeokoka kwasababu umezima. Ukizima baada ya kushuka unaandika kwamba ule mlio ulikuwepo na hakuna kilichotokea.

Rudia karibu kila siku, nusu saa inatosha. Ikifika mahali sauti hiyo inakuchosha tu na haikutishi, panda kidogo. Alafu spika badala ya simu. Alafu jioni. Alafu usiku, taa zimezimwa. Alafu video yenye mimweko gizani. Alafu peke yako. Usiruke ngazi kwa kujitia ushujaa, na ngazi moja ikikushinda rudi ya chini yake ukae siku kadhaa, hakuna anayekufukuza. Vuli ikianza, ngazi inayofuata ni mvua yenyewe: badala ya kujifungia chumbani na mito kichwani, kaa sebuleni, mbali na dirisha ila pazia limefunguliwa, uone mwanga, uhesabu. Mara ya kwanza utakaa dakika chache, sio mbaya. Na ukishtuka sana siku moja baada ya wiki nzuri usiseme nimerudi mwanzo, radi ikipiga mti wa jirani kila mtu anashtuka, hata asiyeogopa.

Mwenzako wa ndani mwambie kabla, wakati wa jua, sio usiku mnabishana. Sema nikianza kutetemeka usinicheke na usiniambie sio kitu, hesabu na mimi. Wengi wakiambiwa cha kufanya wanafanya, walikuwa wanacheka kwasababu hawakujua wafanye nini.

Watoto

Mtoto anasoma uso wako kabla ya kusoma mbingu. Hulazimiki kujifanya huogopi, mwambie mama naye anashtuka na hivi ndo anavyofanya. Usimtishie kwamba asipolala radi itampiga, hayo maneno watu wanatembea nayo mpaka uzeeni. Na usimdanganye kwamba haina madhara, mwambie ina madhara nje, sisi tupo ndani na tumeshachomoa vitu. Mpe kazi, ashike tochi, au ndo awe mhesabuji wa nyumba. Mwanangu mdogo saa tisa ya usiku anapiga kelele "kumi na nne!" kwa sauti ya ushindi kabisa, alafu anabishana na kaka yake kugawa kwa tatu, na ikishafika ishirini na kitu anakuwa amesinzia.

Mtu akipigwa

Jua na hili, maana kutojua la kufanya kunalisha hofu. Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini, mguse mara moja. Huku kwetu watu wanakufa kwasababu wenzao wamesimama pembeni wanaogopa kuwashika au wanasubiri mganga. Kama radi bado inapiga mvute kwanza kwenye usalama. Kama hapumui na haitikii, weka mikono miwili katikati ya kifua, kandamiza chini kama sentimita 5, haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, usichoke, mpokezane, mwingine apige 112 na atafute gari. Waliopigwa wakiwa kundi, anza na wale wanaoonekana wamekufa, wanaolia wanapumua, wanaweza kusubiri kidogo. Radi inasimamisha moyo na pumzi, na wengi wanaweza kurudi kama wameshikwa mapema. Hata aliyeamka akasema mzima apelekwe hospitali, moyo na masikio vikaangaliwe.

Lini uende kwa mtaalamu

Kama unakosa kazi au shule kwasababu ya wingu, kama umeshahama chumba au unafikiria kuhama mkoa, kama moyo unakimbia mpaka unadhani unakufa, kama umeona mtu akipigwa na zaidi ya mwezi bado unaota na kuruka kila mlango ukibamizwa, hapo mazoezi ya peke yako hayatoshi. Wale waliokuwa madarasani Geita hawahitaji kuambiwa wavumilie, wanahitaji mtu wa kazi hiyo. Hofu ya aina hii ina tiba ya mazungumzo inayofanana na zile ngazi nilizoeleza, ila unapandishwa na mtu aliyesomea, na ni katika matatizo ya akili yanayotibika vizuri kabisa. Hospitali ya wilaya au ya mkoa ulizia kitengo cha afya ya akili. Pale mapokezi usiseme unaumwa kichwa kwa kuona aibu, watakupa panadol urudi nyumbani. Sema hivi: nina hofu kubwa ya radi, imeanza lini, inanizuia kufanya nini, naomba kuonana na mtu wa afya ya akili. Andika kwenye karatasi kabisa kama mdomo utakuwa mzito.